Jaji Hashtuki

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji,
Jumamosi, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa binti wa kaka yangu,

Pokea salamu za mtu aliyesimama. Tangu kupambazuka kila kiti cha nyumba hii kimenikataa. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, narudi. Sasa naandikia juu ya friji, ndiyo maana mwandiko unapanda mlima.

U hali gani, mwanangu? Mshono umekauka? Usingizi unaupata, au umekuwa mlinzi wa zamu? Mtoto ananyonya? Mkwe wetu hajambo? Baridi ya huko imelegea? Yajibu hayo yote kabla hujaniletea hoja. Nakujua, wewe ni damu yangu, utaruka salamu uende moja kwa moja kwenye ubishi.

Sisi huku tuna uzima wa kuweza kusimulia. Mume wangu, Mwalimu, magoti yanamsumbua ila mdomo uko imara. Binamu yako bado anapanda ngazi za watu na kuwafungia nyaya za umeme. Mkewe, mkwe wangu mshonaji, amerudi kwenye cherehani polepole. Na mjukuu wangu yumo katika mwezi wake wa tatu, naye ndiye aliyenisimamisha kwenye friji hii.

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi kuliko unavyostahili. Unasema umepewa siku, mwisho wa mwezi, umpeleke mtoto kwenye ukaguzi wa kawaida, nawe unafikiria kutokwenda. Ananyonya, ananenepa, hasumbui. Kwa nini umpeleke mtoto mzima akapange foleni na wagonjwa? Kisha ukanichapa kwa fimbo yangu mwenyewe. Ukanikumbusha niliyoandika gazetini, kwamba kliniki zetu zinawapanga akina mama kwenye mabenchi kama magunia ghalani.

Niliandika. Sifuti hata nukta. Mabenchi yale ni aibu, na nitayapigia kelele mpaka yabadilishwe. Lakini niliandika ili foleni irekebishwe, sikuandika ili wewe uikimbie. Anayelalamika kwamba kisimani kuna msongamano hajasema watu waache kunywa maji.

Nimechagua barua kwa sababu simu utaikata nikianza kupandisha sauti. Barua haikatiki. Mwenzangu wa kazini anasafiri kuja huko Jumatano, ataibeba. Kaa, mnyonyeshe mtoto, usome.

Kwanza ujue kwa nini mjukuu wangu tunamwita Jaji. Nyumba yetu unaikumbuka. Majirani wanaiita Bunge, wala hawakosei. Mimi na Mwalimu tunagombania gazeti kabla ya chai, binamu yako anaingia na mpira, mimi namjibu kwa siasa, Mwalimu anapiga meza, mlango unabamizwa, na hapo hakuna aliyekasirika, tunaamkiana tu. Mkwe wangu peke yake ndiye ametoka kwenye nyumba ya watu wanaozungumza kwa zamu. Mwaka wa kwanza alidhani tunaachana kila siku.

Basi mtoto akazaliwa katikati ya ghasia hizo, akawa analala. Mwalimu anapiga meza, mtoto analala. Naangusha mfuniko wa sufuria, mtoto analala. Tukajivuna, mwanangu! Tukasema huyu ni wetu kabisa, kelele ndiyo bembelezo lake. Mwalimu akampa cheo: Bwana Jaji, anayesikiliza pande zote mbili bila kukunja uso. Kila mgeni alionyeshwa. Ngoja nipige makofi uone. Umeona? Jaji hashtuki.

Jumatano iliyopita tukampeleka kliniki, mimi na mkwe wangu. Binamu yako alikuwa kazini. Tulichelewa kumpeleka, maana mama yake alipatwa na homa siku yenyewe ilipofika, na usinikumbushe.

Jifunze kwa kosa letu la kwanza. Tulimvalisha Jaji kama anakwenda kuapishwa: shati la vifungo, suruali ya kamba, soksi, kofia, na koti aliloshonewa na mama yake. Kumbe mtoto anakaguliwa uchi. Mkwe wangu alifungua vifungo mpaka jasho likamtoka, na benchi zima la akina mama likitutazama. Mvalishe nguo moja inayofunguka mbele, umfunge kwenye shuka, basi. Chukua nepi za akiba na kitambaa chako cha kutandika kwenye mizani, maana ile sahani ni ya baridi, na mtoto ataitukana kwa lugha yake.

Muuguzi aliyetupokea ni mama wa makamo kama mimi, miwani yake imening'inia kwa uzi. Aliivaa, akanitazama.

"Ni wewe unayetuandika gazetini?"

"Ni mimi."

"Ukirudi andika na hili: mtoto haji kupimwa akiwa na vifungo kama jenerali. Mvueni."

Nilimpenda palepale, ingawa sikumwambia.

Akamweka kwenye mizani, akamnyoosha akapima urefu, akamzungushia utepe kichwani. Usishtuke kwa utepe huo. Wanataka kuona kichwa kinakua kwa mwendo wake, kisikimbie wala kisisimame. Akapapasa utosi kwa ncha ya kidole, akaingiza kidole kingine kinywani kuhakikisha kaakaa halina ufa. Akammulika machoni kwa tochi ndogo. Mwanga ukirudi na wekundu kwenye mboni zote mbili, vizuri. Ukirudi mweupe, wanamtafuta daktari upesi. Kisha akasogeza uso wake kulia na kushoto kuona kama macho yanamfuata. Jaji alimfuata kama askari anayemshuku mtu.

Akasikiliza moyo. Akabonyeza tumbo. Akashika kinena pande zote mbili akitafuta mapigo ya damu. Kwa kuwa ni mvulana, akahakikisha korodani zimeshuka. Wewe una binti, hiyo utaiepuka. Akamgeuza, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo toka shingoni hadi chini.

Halafu miguu, na hapa ujikaze. Alimlaza chali, akakunja magoti, akayafungua nje kama mtu anayefungua kitabu kipya. Mkwe wangu alishika mdomo. Mimi nilishika meza. Jaji akapiga yowe la kuvunja vioo. Lakini muuguzi haumizi. Anasikiliza kwa mikono yake kama nyonga zimekaa mahali pake, kwa sababu nyonga iliyochomoka hurudishwa kwa urahisi mtoto akiwa mchanga, na hugeuka kazi kubwa akishaanza kusimama. Mtoto halii kwa maumivu. Analia kwa kuvuliwa heshima, na ana haki.

Baada ya hapo zikaja sindano za chanjo pajani. Kilio kifupi, titi, kimya. Usiku ule joto lilipanda kidogo na paja likawa gumu, muuguzi alikuwa ametuonya, na asubuhi likaisha. Muulize wako dalili zipi ni za kawaida na zipi ni za kukurudisha mbio. Uliza hata kama nyuma yako kuna watu mia. Foleni siyo kosa lako.

Kisha akamgeukia mama. Akamuuliza damu imekoma, matiti yakoje, analala, anakula, ana furaha? Mkwe wangu akasema, "Mimi mzima tu, dada," na machozi yakashuka akiwa bado anatabasamu. Muuguzi hakumkimbiza. Alimvutia kiti. Nilitoka nje kidogo, jambo ambalo binamu yako akilisikia hataamini.

Nakuandikia hili kwa makusudi. Kwenye ujumbe wako umesema unalia ukiwa unaoga ili maji yafiche, ukaweka na kicheko mwishoni. Sikucheka. Ukiulizwa huko, usiseme mzima tu. Sema unavyoniambia mimi, na uache kicheko nyumbani. Ukaguzi huo ni wa watu wawili.

Sasa nifike ninakokwepa.

Tulikuwa karibu kumaliza. Jaji amefungwa shuka, mimi nimeshika mkoba. Muuguzi akawa anamalizia maswali yake ya kawaida, kalamu inatembea. Anatabasamu? Anatabasamu. Analala chali? Chali. Akisikia kelele ya ghafla, anashtuka?

Nilijibu mimi, kabla mama yake hajafungua mdomo. Nilijibu kwa majivuno, binti yangu, kifua mbele.

"Huyu? Hashtuki hata kidogo! Nyumba yetu ni ya kelele, tunabishana juu ya kichwa chake, tunabamiza milango, yeye analala. Ndiyo maana tunamwita Jaji."

Kalamu ikasimama.

Muuguzi akarudia swali, safari hii akimtazama mama wa mtoto. Na mkwe wangu, aliyeishi nasi miaka yote hiyo akitafuta pa kupenyeza neno, akasema taratibu:

"Akilia nikamwita kutoka jikoni, hatulii. Mpaka nije anione. Nikimshika anatulia. Sauti peke yake, hapana."

Alikuwa ameliona. Alikuwa analibeba peke yake ndani ya nyumba yenye watu wanne na maneno elfu, na hakukuwa na nafasi ya kuliweka chini.

Wakatupeleka chumba cha pili. Kuna kifaa kidogo chenye ncha laini kama sifongo; kinaingizwa sikioni, kinatoa milio midogo, na sikio lenyewe likiwa zima hurudisha mwangwi ambao mashine inausikia. Alipozaliwa hakupimwa, hawakuwa na mashine. Walijaribu sikio la kulia, halafu la kushoto. Hakuna mwangwi. Wakatueleza vizuri, na nakueleza nawe vizuri: kukosa mwangwi siku moja si hukumu. Pengine kuna majimaji ndani, pengine chumba kilikuwa na kelele, pengine mtoto alihangaika. Turudi Jumanne arudiwe.

Jumanne, na leo ni Jumamosi. Sasa unaelewa habari ya viti.

Binamu yako aliporudi nikamweleza. Hakuvua hata viatu. Akasema mwanawe si kiziwi, mashine ndiyo mbovu, hawezi kumrudisha huko wakamwandikia mtoto ugonjwa asiokuwa nao. Akanikumbusha makala yangu ya mashine zilizokufa hospitalini na hakuna anayezitengeneza. Unaona? Nyote mnanipiga kwa magazeti yangu. Nimezaa na kulea wanasheria bila kujua.

Tangu hapo Bunge limegeuka karakana. Binamu yako anagonga sufuria nyuma ya mtoto. Mwalimu ametoa sandukuni filimbi yake ya kuamulia mechi za shule, anapuliza mpaka mbwa wa jirani wanajibu. Mtu anadondosha kijiko, wote wanamtazama Jaji. Mtu anapiga chafya, wote wanamtazama Jaji. Muuguzi alitukataza mchezo huo waziwazi, akasema mtoto huhisi upepo wa mkono, huona kivuli, huhisi sakafu ikitetemeka, nasi tutajidanganya. Nani alimsikiliza? Mimi mwenyewe nimepiga makofi bafuni, nimejificha kama mwizi.

Jana jioni binamu yako alibamiza sinia mbili nyuma ya kochi, na Jaji akageuza kichwa.

"Amesikia! Amesikia! Amegeuka!" Akaruka kama timu yake imefunga bao. "Mama, umeona mwenyewe! Jumanne haendi mtu!"

Mwalimu akapiga meza kuunga mkono hoja. Mimi nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa hii na uzazi huu, sikujua niko upande gani. Kwa sababu nilitaka iwe kweli. Nilitaka kwa kila mfupa.

Mkwe wangu alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hakuacha kukunja.

"Baba Jaji, taa iko nyuma yako. Kivuli chako kimempita usoni. Sijasikia mtu akisema haoni."

Akakunja shati jingine.

"Jumanne nitampeleka. Anayetaka kubishana abaki hapa abishane."

Akabeba nguo, akaingia chumbani. Mwanangu alibaki na sinia mikononi, asijue pa kuziweka. Hakusema atakwenda, hakusema hataenda. Leo asubuhi ametoka kwenda kazini bila kunywa chai, na Jumamosi huwa hana kazi.

Wewe umeniandikia kwamba mama mwenye nyumba wako amelea watoto wengi bila kliniki na wote wana nguvu. Nampa heshima yake. Lakini nimesoma vitabu vingi vya zamani kuijua hoja hiyo, nayo ni hoja ya walionusurika. Waliokua ndio wanaosimulia. Wasiokua hawana wa kuwasemea, na waliokua na kasoro walifichwa chumba cha nyuma wageni wakija. Mwambie hivyo, kwa adabu, na umwamkie.

Na neno lenyewe, kiziwi, jirani yetu mmoja ameshalinong'ona ukutani kama matusi. Si tusi. Tumeligeuza tusi sisi tunaosikia, na sisi ndio tunaosikia kila kitu isipokuwa tunachoambiwa. Mtoto akiwa hasikii ni mtoto asiyesikia; kuna vyombo vya kumsaidia, kuna lugha ya alama, kuna shule, kuna watu wazima wasiosikia wanaojenga nyumba na kulea watoto. Nayajua hayo yote. Nimewahi hata kuyaandika. Ila kuyajua na kusubiri Jumanne ni vitu viwili, na cha pili hakisomeki vitabuni.

Naweka kalamu. Nikiendelea nitaanza kuandika kuhusu jirani.

*

Jumanne, jioni.

Nimerudi kwenye friji, ingawa leo viti vinakalika. Ni mazoea tu.

Asubuhi mkwe wangu alitoka na mtoto mgongoni, nami nyuma yake. Mlangoni tukamkuta binamu yako amesimama, amevaa shati safi.

"Nabeba mkoba tu," akasema. "Sijakubali kitu."

"Beba basi," mkewe akajibu, akapita.

Mpimaji wa leo ni baba mnene mwenye sauti ndogo, nadhani amezoea kufanya kazi kwenye chumba kimya. Alimtaka mama amnyonyeshe Jaji mpaka alale, kwa sababu kipimo hiki kinataka mtoto aliyetulia. Kisha akatukataza kuzungumza. Mimi. Akanitazama mimi hasa, na nikatii, na kimya kile kilinikaba kama kola mpya.

Sikio la kulia. Mistari kwenye kioo cha mashine ililala chali. La kushoto. Ikalala vilevile. Akasubiri, akarudia yote tena, hakuwa na haraka.

Binamu yako hakuweza kuvumilia tena.

"Kaka, samahani. Hiyo mashine yako ni nzima?"

Mpimaji hakukasirika. Alibadilisha ile ncha laini, akamwambia akae, akaitia kwenye sikio lake yeye, binamu yako. Mistari ikaruka palepale, ikacheza kioo kizima. Akaitoa. Ikalala.

Mwanangu alitazama kioo kwa muda mrefu. Maisha yake yote ni kujua waya unaopitisha na waya usiopitisha, na hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi.

"Kwa hiyo hasikii."

"Leo masikio yake hayakunijibu," mpimaji akasema. "Hilo ndilo ninaloweza kukuambia leo. Kuna kipimo kikubwa hospitali ya rufaa, wanambandika vidude vya nyaya kichwani akiwa amelala, wanaona kama sauti inafika kwenye ubongo, na inafika kiasi gani. Nimewaombea nafasi wiki ijayo."

"Na tungengoja? Tuone akianza kusema?"

"Wengi ndivyo wanavyofanya. Wanakuja mtoto ana miaka miwili, wanasema amechelewa kuongea. Miaka hiyo miwili ubongo wake ulikuwa unatafuta lugha, haukupewa yoyote. Nyie mmekuja mapema. Mapema kuna mengi ya kufanya."

Soma hapo mara ya pili, binti yangu. Nimeandika kurasa zote hizi kwa ajili ya mistari hiyo. Jaji alikuwa ananyonya. Alikuwa ananenepa. Alikuwa hasumbui. Kwa kila kipimo tulichokuwa nacho nyumbani, alikuwa mtoto mzima kupita wote, na kilichokosekana tulikiita sifa na kukipa cheo.

Mkwe wangu aliuliza swali moja tu: tufanye nini leo, si wiki ijayo, leo. Akaambiwa asiache kuzungumza naye wala kumwimbia. Ila amshike akizungumza, na uso wake uwe kwenye mwanga, mtoto auone. Mtoto asiyesikia huanza na uso.

Tulirudi nyumbani. Mwalimu alikuwa anasubiri kizingitini na filimbi shingoni. Alitutazama nyuso, akaivua, akaitia mfukoni. Yeye na mimi tukakaa jikoni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumjibu kwa sababu hakuwa amesema kitu.

Ndipo tukasikia ngazi ikiburutwa.

Kitanda cha Jaji kiko pembeni, pale penye giza, tulipaweka hivyo apate usingizi. Binamu yako alikuwa amepanda ngazi anahamisha taa. Amekata waya, ameuvuta ukutani, ameifunga taa mpya upande wa pili ili anayemwinamia mtoto amulikwe usoni, si mgongoni. Hakumwomba mtu ruhusa. Mkewe alikuwa chini na mtoto begani, anamwelekeza kwa kidole: kushoto, kidogo, hapo.

Alipoiwasha, Mwalimu akaingia.

"Nyeupe hiyo itamchoma macho. Weka ya njano."

"Baba, ya njano inatia vivuli."

"Vivuli gani! Mimi nimefundisha chini ya taa ya njano miaka yote."

"Ndiyo maana hakuna aliyefaulu!"

Basi. Mwalimu akapiga ukuta kwa kukosa meza. Binamu yako akashuka ngazi kujibu hoja ana kwa ana. Sauti zikapanda, mikono ikapanda, nami nikakimbia kuwanyamazisha, nikidhani leo si siku yake.

Mkwe wangu akanishika mkono. "Mama, tazama."

Jaji alikuwa macho, kidevu juu ya bega la mama yake, na nyuso zote mbili ziko kwenye mwanga. Babu akisema, anamtazama babu. Baba akijibu, anahama, polepole, mpaka kwa baba. Anatazama mdomo, anapanda machoni, anarudi mdomoni. Babu tena. Baba tena. Amekunja uso kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeletewa kesi ya kweli.

Wale wawili wakagundua, wakanyamaza. Jaji akasubiri. Walipozidi kunyamaza, akaanza kulia.

"Endeleeni," mkwe wangu akasema. "Mbona mnamkatizia?"

Wakaendelea. Wanaendelea hata sasa ninapoandika. Hoja ya njano inaelekea kushindwa.

Basi, mwisho wa mwezi unakwenda. Nguo moja inayofunguka mbele, kitambaa cha mizani, na mume wako akibeba mkoba hata kama hajakubali kitu. Wakikuuliza swali, usijibu kwa sifa, jibu kwa ulichokiona. Pengine binti yako ni mzima kutoka utosini hadi kidole cha mguu, na ndivyo ninavyoomba. Hapo utakuwa umepoteza asubuhi moja kwenye benchi baya. Nipe hesabu ya benchi lenyewe, nitaliandika.

Nisalimie mkwe wetu, umwambie mtu anayeosha nepi ana heshima yangu hata kama anashabikia timu mbovu. Nisalimie mama yako akija kukuona, na kaka yangu nikimwandikia nitamweleza mwenyewe, usimtangulie. Msalimie mama mwenye nyumba. Huku wanakusalimu Mwalimu, binamu yako aliyeshuka ngazi, na mkwe wangu, ambaye anasema ukilia tena bafuni umpigie, hata yeye anaoga muda mrefu siku hizi.

Mungu amlinde mwanao kwa yanayoonekana na yasiyoonekana, na akupe wewe masikio ya kusikia unachoulizwa.

Ni mimi, nikupendaye kwa sauti kubwa, na sasa najifunza kukupenda kwa uso,

Shangazi yako.